Intaneti ya Kibaba

Makarani wa sensa ya mwaka 2019 walipokuwa wakipita mlango kwa mlango waliuliza, pamoja na habari za redio, baiskeli na jokofu, kama nyumba ina intaneti. Na hesabu zilipojumlishwa ikaonekana kwamba katika kila nyumba 100 za nchi hii, zilizokiri kuwa nayo hazikufika 20. Nami naamini kwamba wengi katika wale waliojibu hapana walijibu huku wameshika simu ambayo dakika chache nyuma ilikuwa imewaletea picha ya mjukuu aliyeko Doha au Dallas, wala hawakumdanganya karani. Waliulizwa juu ya nyumba, nao wakaitazama nyumba: kuta, dari, waya wa stima, mfereji wa maji uani, na katika vyote hivyo hawakuona mahali intaneti ilipoingilia. Ilikuwamo, lakini ilikuwamo mfukoni mwa mtu, na mtu huyo akitoka, nayo hutoka.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo kwa utulivu, kwa sababu mji wetu wa Nairobi, hususa upande wake wa magharibi, tangu Westlands kwa barabara ya Waiyaki hadi Kangemi, Uthiru na Kinoo, na tangu Hurlingham hadi Kawangware, Riruta na Dagoretti, umejaa nyumba zisizo na waya wowote wa intaneti, ambazo kila jambo la siku hizi lenye kuhitaji intaneti, liwe la shule, la kodi, la kazi au la mazishi, hulifanya kwa mawimbi ya simu yanayogawanywa ndani na mmoja wa jamaa aliyewasha hotspoti. Mwaka 2024 usajili wa data ya simu nchini ulikuwa umepita milioni 50, idadi inayokaribiana na watu wote wa nchi, watoto wachanga wakiwamo, kwa kuwa wengi wetu twatembea na laini mbili mbili. Ilhali usajili wa intaneti ya kudumu, ile ya nyumbani na ofisini, ulikuwa haujafika milioni 3. Mwenye kuzisoma hesabu hizo kwa haraka atasema Wakenya wote wameunganishwa. Mwenye kuzisoma taratibu ataona kwamba zilizohesabiwa ni laini, na laini haina meza ya chakula, haina mtoto wa darasa la sita, wala haina nyanya anayetaka kusikilizishwa mahubiri ya Jumapili.

Asili ya mambo haya ni ya zamani kuliko simu ya mkononi. Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, halikuwahi kuufikisha waya wa simu katika nyumba za watu wa kawaida: lilipogawanywa mwaka 1999, ikatoka Telkom Kenya upande huu, Shirika la Posta upande ule, na tume ya kuyasimamia mawasiliano katikati, laini zote za mezani katika nchi iliyokuwa ikikaribia watu milioni 30 zilikuwa kiasi cha 300,000, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ya ofisi, hoteli na wenye nafasi. Mtu wa Kangemi aliyetaka kusema na nduguye alipanda basi mpaka mjini, akajipanga kwenye vibanda vya simu huku amekunja sarafu kiganjani, na aliye nyuma yake akimgonga bega kila alipocheka sana. Walioomba laini walingoja miaka. Na katika waliobahatika kuipata wako ambao waya wao wa shaba ulikatwa usiku na wezi, ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Basi mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kuwania wateja, simu ya mkononi haikuzikuta nyumba zenye waya ikazinyang'anya. Ilikuta uwanja mtupu. Kencell ilitoza kwa dakika, Safaricom ikatoza kwa sekunde, na wengi wakaiendea Safaricom. Kisha zile kadi za kukwangua, zilizoanza kwa bei ya mamia, zikateremka mpaka shilingi 50, mpaka 20, mpaka chini ya hapo, na mnunuzi akazoea kununua mazungumzo kama alivyozoea kununua unga na mafuta ya taa, kwa kibaba, ya leo kwa leo. Data ilipokuja haikufanya ila kupita njia iliyokwisha kukanyagwa. Leo mtu hununua intaneti ya saa moja, au ya kumpeleka mpaka usiku wa manane, na ikibaki isitumike, aghalabu hupotea na usiku wake. Ni mwaka 2019 tu, baada ya shauri kupelekwa mbele ya wakubwa wa kusuluhisha migogoro ya mawasiliano, ndipo Safaricom ilipotoa data isiyokuwa na mwisho wa muda, ambayo ni ghali zaidi kwa kipimo, na kwa sababu hiyo wenye haja kubwa huipita wakaiendea ile ya kufa usiku.

Kuna jambo hunistaajabisha kila nilikumbukapo. Kabla ya mwaka 2009 karibu intaneti yote ya nchi hii ilikuwa ikipanda angani kwa setilaiti na kuteremka tena, kwa bei ya kuvunja moyo. Ndipo serikali, ilipochoka kungoja mradi wa pamoja wa nchi za kanda hii, na Bitange Ndemo, katibu wa kudumu wa wizara ya habari na mawasiliano, akilishikilia jambo hilo, ikashirikiana na makampuni kuulaza waya wa TEAMS chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa; na mwaka huo huo waya wa SEACOM nao ukawasili. Safari ambayo majahazi ya kaskazi yaliifanya kwa karne nyingi kati ya Ghuba na pwani yetu, yakileta tende na mazulia na kungoja kusi yarejee, ikawa sasa yafanywa na nuru ndani ya uzi wa kioo, kabla mtu hajapepesa jicho. Nuru hiyo huvuka bahari, hupanda Mazeras, hupita Voi na Mtito Andei, hufika Nairobi salama usalimini. Na zile hatua mia chache za mwisho, baina ya barabara na mlango wa mtu, ndizo zinazoishinda. Hapo huuacha waya, hupanda mlingoti juu ya paa la ghorofa ya mtu, na kurushwa hewani ipate mwenye kuipata.

Atakaye kuziona hatua hizo kwa macho yake na asimame Lavington, mahali barabara ya Gitanga inapoelekea Kawangware. Kwa upande huu ziko nyua ndefu na walinzi, na juu ya nguzo nyaya nyeusi za faiba za kampuni tatu au nne zimesongamana hata fundi mwenyewe hupoteza muda kuutafuta wake. Nenda mbele kwa miguu muda wa kumaliza soda moja, umeingia kwenye ploti za mabati na ghorofa zilizoegemeana, na nyaya zile zile utaziona zikipita juu ya vichwa vya watu kwenda kwingine. Wengi husema sababu ni umaskini. Mimi sikubali kwamba ni hiyo peke yake, kwa kuwa waya hauulizi fedha tu. Huuliza nani mwenye nyumba. Hutaka ukuta wa kutobolewa kwa idhini, hutaka mteja atakayekaa mahali pamoja, hutaka anwani. Nao wakazi wa Nairobi ni wapangaji kwa wingi mno: mwenye ploti yuko Kikuyu au Limuru, keeteka hana amri ya kutoboa ukuta, na mpangaji mwenyewe akipandishiwa kodi mwezi huu, mwezi ujao vyombo viko juu ya mkokoteni. Hata katika ghorofa nzuri za Kinoo na Uthiru mpangaji hukuta kwamba mwenye jengo amekwisha kukubaliana na kampuni moja tu, na anayeitaka nyingine hupewa jibu la bega. Mawimbi ya simu hayamwombi landilodi ruhusa. Hiyo ndiyo fadhila yake kubwa, nami sitaki aniambie mtu kwamba ni ndogo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, wale wenye kalamu washike kalamu. Kwa bei za miaka hii, gigabaiti moja ya saa moja hupatikana kwa shilingi 20 na kitu. Na gigabaiti moja na robo ya kufikia usiku wa manane, kwa kiasi cha shilingi 55. Nyumba yenye watu wazima wawili, kila mmoja akinunua hiyo ya 55 kwa siku, itakuwa imetoa shilingi 3,300 kwa mwezi na kupata gigabaiti 75, tena zilizokatwa vipande vipande, kila kipande na saa yake ya kufa. Jirani wa Lavington kwa karibu shilingi 3,000 anao waya ambao hahesabu chochote. Watoto wake wakitazama filamu ya picha safi, inayokula hadi gigabaiti 3 kwa saa, yeye hana habari. Anayenunua kwa kibaba amelipa zaidi akapata kidogo, kama walivyo wanunuzi wa kibaba wote tangu zamani.

Wako waungwana ambao wakiipiga hesabu hiyo hufika haraka kwenye kuwalaumu wanaonunua, kwamba hawajui kupanga fedha zao. Laiti wangekaa siku moja na mama anayeuza mboga pale mwisho wa matatu za namba 46. Mama yule hapokei shilingi 3,000 kwa siku yoyote. Hupokea ishirini ya dania, thelathini ya nyanya, hamsini ya sukumawiki, na katika hizo hutoa za kuendea sokoni alfajiri, za token ya stima, za nauli ya mtoto. Siku ya biashara mbaya hanunui bando, na hadaiwi na mtu. Kesho yake hununua, na hapana fundi wa kuja kumwunganisha upya. Kwa mtu wa mapato ya siku, mkataba wa mwezi ni deni lililovikwa nguo nzuri. Anajua kwamba analipa zaidi. Analipia uhuru wa kutolipa.

Na tuingie ndani ya nyumba moja ya namna hiyo, isiyo ya mtu fulani ila ya wengi. Ni saa mbili za usiku. Baba amerudi kutoka kazini mjini, amevua viatu, na kabla hajaketi simu yake imekwisha kuwekwa dirishani, ndani ya kikombe, imeegemezwa kwenye nondo, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Na waya wa chaji umenyooshwa kutoka kwenye soketi hata mtu akipita sharti auruke. Binti anayesoma chuoni Kabete ana kazi ya kupeleka, mvulana ana zoezi lililotumwa na mwalimu kwa WhatsApp, mama anataka kuona kama michango ya arusi imefika.

"Baba, washa hotspoti."

"Nimewasha. Lakini sitaki kuona mtu akifungua video."

"Mwalimu ndiye ametuma video, Baba."

Baba hana jibu la hilo. Baada ya kitambo simu inalia, ni ami kutoka nyumbani, naye hapigi kwa WhatsApp, hupiga kwa njia ya kawaida. Na kwa kuwa katika simu nyingi za bei nafuu mazungumzo ya namna hiyo huivuta laini kutoka mtandao wa 4G ikaingia ule wa zamani, intaneti ya nyumba nzima huzorota au kusimama kabisa wakati ami anauliza hali ya kila mmoja kwa jina, na binti ametulia akilitazama lile duara linalozunguka, kwa adabu, mpaka ami atakapomaliza kusalimia. Kisha hotspoti inarudi. Simu imepata moto hata kikombe kimepata moto.

Hayo ni ya usiku. Mchana ni mgumu zaidi, kwa sababu asubuhi baba huichukua simu yake, akapanda 46, na intaneti ya nyumba ikashukia Kencom mjini pamoja naye. Mgonjwa aliyebaki, mtoto aliyefunga shule, nyanya aliyetoka mashambani kuja kliniki, wote hubaki katika nyumba isiyo na mtandao mpaka magharibi. Nasi watu wa redio twajua tofauti hiyo kuliko wengine, maana redio ya zamani ilikaa juu ya kabati, ikavikwa kitambaa cha kufumwa, na mwenye nyumba akienda kazini yenyewe iliendelea kusema. Ilikuwa ya nyumba. Simu haijapata kuwa ya nyumba, hata inapoilisha nyumba. Ina nywila ya mtu mmoja, ina fedha zake za M-Pesa, ina siri zake, na kumwachia mtoto simu hiyo kwa saa tatu ili asome ni kumwachia mtoto pochi na barua zako pia. Fauka ya hayo, simu nyingi siku hizi zimenunuliwa kwa malipo ya kila siku, kama ule mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanza mwaka 2020. Zikikosa kulipiwa hujifunga, na hapo hufungika mlango wa intaneti wa watu watano kwa kosa la shilingi chache za mmoja.

Niseme sasa juu ya mawimbi yenyewe, kwa kuwa wengi hunung'unikia kampuni kwa jambo ambalo nusu yake ni la maumbile. Mlingoti mmoja hugawa kipimo chake kwa watu wote walio chini yake kwa wakati mmoja. Saa nne za asubuhi, Kawangware nusu ya wakazi wako kazini, nawe uliyebaki wapata mtandao kama wa mfalme; saa mbili za usiku wote wamerudi, kila dirisha lina kikombe chake, na kipimo kile kile kikagawanywa kwa maelfu. Magharibi mwa Nairobi tena ni nchi ya matuta na mabonde: aliye kileleni Kangemi huiona milingoti ya pande zote, aliye bondeni kwenye mto, hatua chache tu kutoka kwa mwenziwe, hushika ufito mmoja wa mtandao. Mabati huyarudisha mawimbi, zege huyanyonya. Na katika Kileleshwa, ambako ghorofa mpya huota kila mwaka, mtu huweza kulala na mtandao mzuri na baada ya miezi michache ukawa hafifu, kisa jengo limesimama baina yake na mlingoti. Mawimbi ya 5G, ambayo ndiyo yenye mwendo, ndiyo pia yenye kuchoka upesi yakikutana na ukuta, ilhali yale ya chini, kama ya megahezi 700 ambayo Jamii Telecommunications iliyatumia kuanzisha Faiba 4G mwaka 2017, huenda mbali na kupenya zaidi lakini hubeba kidogo. Na stima ikizimika, mlingoti huishi kwa betri na jenereta. Usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani kwa saa nyingi, tuliona jinsi simu inavyomtegemea yule yule anayetegemewa na taa.

Kwa mwenye kutaka intaneti ya simu ikae nyumbani, dawa huuzwa mjini, katika barabara ya Luthuli. Mtaa huo, uliopewa jina la Albert Luthuli, yule mpigania haki wa Afrika Kusini, ni soko la spika, televisheni na kila kitu chenye waya, na katika maduka yake yaliyogawanywa kwa vioo hata kila muuzaji amebaki na nafasi ya kugeuka tu, utakuta ruta za kupachika laini, mifi za kutia mfukoni, mpya na zilizotumika, na vijana ambao kazi yao ni kufungua ruta iliyofungwa na kampuni yake ili ikubali laini yoyote. "Hii ni ya laini zote, mzee," husema, na huipachika laini yako papo hapo uone taa zikiwaka. Fauka ya hizo yamekuja masanduku ya 5G: Safaricom ilianza kuyauza kwa umma Oktoba 2022, na Airtel ikafuata mwaka 2023, nayo huwekwa nyumbani, hulipiwa kwa mwezi, na huitwa intaneti isiyo na mpaka. Mpaka upo. Umeandikwa kwa herufi ndogo, huitwa matumizi ya haki, na ukiuvuka mwendo hupunguzwa hata ukahisi umerudishwa mwaka 2008. Hata hivyo nayapenda masanduku hayo kwa sababu moja ambayo haitajwi katika matangazo: hayatoki asubuhi. Yana namba yake, yana nywila ya nyumba, na baba akipanda 46 mtandao hubaki na waliobaki.

Wengine walidhani mkombozi atatoka mbinguni. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia nchini Julai 2023, na mabakuli yake meupe yakaanza kuonekana juu ya mapaa. Lakini ilipofika Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya wa Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Nani angetabiri kwamba mbingu nazo zina foleni? Huduma hiyo imefaa zaidi mashambani, kama ilivyokusudiwa kwa yale maputo ya intaneti ya Loon, kampuni ndugu ya Google, yaliyorushwa pamoja na Telkom Kenya mwaka 2020, na mwaka uliofuata yakaondolewa. Mjini, palipo watu wengi, kila kitu cha hewani hatimaye husongamana.

Na haya yote yangekuwa mambo ya starehe tu, ya filamu na muziki, kama serikali isingekuwa imeyafanya ya lazima. Tangu katikati ya mwaka 2023 huduma za serikali kwa maelfu zimehamishiwa tovuti ya eCitizen. Kila mwenye namba ya kodi sharti atoe taarifa yake ya mwaka kwa tovuti ya iTax kabla ya Juni 30 kwisha. Mwanafunzi huomba nafasi ya chuo na mkopo wa masomo kwa mtandao. Kila mwisho wa Juni utawaona watu kwenye saiba za mjini, Moi Avenue, Tom Mboya na River Road, wamesimama nyuma ya vijana wanaowajazia fomu, nao wana simu nzuri mikononi. Waulize kwa nini. Watakwambia kwamba fomu hukatika katikati, kwamba bando iliisha kabla ya kubonyeza pale pa mwisho, kwamba nyumbani skrini ni ndogo. Wamelipa bando, wamelipa nauli, wamelipa saiba. Kwa nyumba yenye waya, jambo hilo hilo ni la robo saa baada ya chajio.

Ikiwa intaneti imekuwa ya lazima, basi kodi yake nayo yastahili kutazamwa. Ushuru wa bidhaa juu ya huduma za simu na data ulifanywa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na juu yake iko VAT ya asilimia 16. Ushuru huo humtoza mnunuzi wa kibaba kwa kila kibaba, naye, kama tulivyohesabu, ndiye anayenunua kwa bei ya juu. Kwa hiyo katika kila gigabaiti moja, mtu wa Kawangware huichangia hazina zaidi kuliko mtu wa Lavington. Sijamsikia mbunge hata mmoja akilisema jambo hili kwa namna hiyo, ingawa nimewasikia wengi wakiuita mji huu wa kidijitali.

Ulikuwapo wakati watu walipoona jinsi kamba hii ya intaneti ilivyo nyembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa hapa kwetu ukawa wa kutambaa kwa siku kadhaa. Na tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku vijana walipoandamana juu ya mswada wa fedha hadi bungeni, intaneti ilizorota nchini kote saa ambayo kila mzazi alikuwa akimtafuta mwanawe. Siku hiyo wenye waya na wasio na waya waliteseka pamoja, ila mwenye simu moja kwa nyumba nzima aliteseka mara mbili, kwa sababu simu hiyo ilikuwa imekwenda mjini na kijana.

Dakika zangu zinakwisha, na wako wasikilizaji walioniomba mara nyingi niache falsafa niwape la kufanya. Basi msiiweke ruta nyuma ya televisheni wala juu ya friji. Iwekeni kwenye dirisha linaloutazama mlingoti, na kama hamjui uko wapi, zungukeni nyumba na simu usiku na mchana mkitazama vifito. Mambo mazito, kama kupakua masomo ya juma zima au kusasisha simu, yafanyeni alfajiri kabla ya jirani kuamka. Zimeni video zinazojichezesha zenyewe, ambazo hula bando mtu akiwa bado anasoma kichwa cha habari. Majirani watatu wenye kuaminiana na wenye mlango mmoja wa ploti waweza kununua sanduku moja la mwezi na kuchangia, mradi mmoja awe mweka hazina na nywila ibadilishwe mpangaji anapohama. Na ikiwa nyumba ina simu mbili, hata kama ya pili ni ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, laini ya data itiwe katika hiyo, na hiyo isitoke.